Boti Iliyong'aa Kwanza Kwenye Barua

Ijumaa, alasiri inayoelekea jioni. Anga ni safi, ziwa limetulia, na milima ya moto inaonekana yote hadi vilele, kana kwamba imepigwa msasa. Hali ya nafsi yangu: ya mshitakiwa aliyeachiwa huru ambaye bado hajaelewa ni hoja ipi iliyomwokoa.

Nianze kwa kukiri, maana kukiri mapema hupunguza adhabu. Nilisema uongo kwa maandishi. Niliusema kwa lugha fasaha, kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, kisha nikampa mtu mwingine autie sahihi.

Mtu huyo ni dada yangu.

Wanaonisoma hapa kwa mara ya kwanza wafahamu kwamba mimi ni mwandishi wa barua za maombi. Meza yangu iko kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, hatua chache kutoka sokoni Gisenyi, mji wa ziwani ulio mpakani na Kongo. Mwenye shauri na ofisi yoyote hunieleza kwa mdomo, nami huyageuza maneno yake yawe maneno yanayoweza kuingia ofisini na kupewa kiti. Sikusoma sana. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikaishia darasa la saba, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha sarufi kisicho na jalada. Watu wa mji huu, ambao Kiswahili chao kilivuka mpaka kutoka Kongo kikiwa kimekunja mikono ya shati, huniita Bwana Mwandishi. Baadhi yao hulitamka jina hilo kwa heshima. Wengine hulitamka wakiwa tayari wamekwisha kucheka.

Dada yangu Feza alinitangulia kuja hapa. Aliolewa katika ukoo uliorejea kutoka Kongo, na Kiswahili chake nacho kikaolewa huko huko. Mume wake, shemeji Byamungu, alifariki akamwachia boti ya mbao yenye injini, ambayo ilikuwa ikibeba magunia ya viazi vya Bugeshi, abiria na mbuzi hadi kwenye masoko ya kando ya ziwa. Siku hizi viazi hupanda lori. Boti imekaa ufukweni tangu msimu uliopita, na mtu mmoja wa Nyakiriba amekwisha kuja mara mbili kuigonga ubavuni kwa ngumi, akisikiliza mlio wake, kwa sababu anataka kuibomoa ajengee zizi la ng'ombe.

Dada hakumkatalia. Alimwambia arudi mwisho wa mwezi.

Hivyo hoteli moja ya ufukweni ilipotangaza kwamba inatafuta boti ya kuwazungusha maharusi ziwani kila Jumamosi ili wapigwe picha, Dada Feza alikuja mezani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuniambia niandike. Niseme kwamba anayo boti, kwamba injini yake ni nzima, na kwamba dereva wake hanywi pombe. Mambo matatu tu.

Mambo matatu hayajazi hata robo ya ukurasa.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nakala ninayo hapa, na sehemu ya aya ya tatu nainakili bila kuondoa nukta, ili iwe ushahidi dhidi yangu: "Chombo hicho, Mheshimiwa Meneja, kimezungushiwa ukingo wa mbao asilia usiofichwa na rangi yoyote, uliotunzwa kwa mkono wa upole na kung'arishwa kiasi kwamba mtazamaji akiinama huiona sura yake mwenyewe."

Ni sentensi nzuri. Hata leo, baada ya yote yaliyonipata, nikiisoma kwa sauti hufurahi ninapofika penye "mkono wa upole".

Boti yenyewe ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, ile ya milango ya maduka. Buluu ilipobanduka ilionekana njano, na njano ilipobanduka ilionekana kijani. Kwenye mabenchi palikuwa na udongo mkavu wa viazi na alama za kwato. Je, nilikuwa sijaiona? Niliiona mara nyingi mno. Lakini katika kazi yangu haiandikwi hali ilivyo. Huandikwa hali inavyohitajika kuwa. Kwa miaka yote niliyokaa mezani, kila mwombaji wangu amekuwa mnyenyekevu, kila shamba limekuwa lenye rutuba, kila mtoto anayetafutiwa shule amekuwa na bidii ya kupigiwa mfano. Hakuna ofisi iliyowahi kumtuma mtu aje kutazama.

Hii ilimtuma.

Jibu lilifika kwenye simu ya Dada Jumamosi iliyopita. Meneja wa hoteli, mama mmoja aitwaye Madamu Solange, angekuja kuiona boti Ijumaa saa mbili asubuhi. Alikuwa amevutiwa hasa na ule ukingo wa mbao, kwa kuwa boti zote alizoonyeshwa zilikuwa na rangi kali zinazoharibu picha za arusi.

Dada Feza alikuja na simu mkononi, akaniuliza ni ukingo gani huo. Barua hakuwa ameisoma. Alikuwa ametia sahihi kwa kuniamini. Aliniomba nimsomee. Nikamsomea, kwa sauti ya chini kuliko ninavyopenda kusoma.

"Ataona sura yake ku mubao gani, mudogo wangu? Ku ile mbuzi banakalia?"

Akaniambia kwamba sasa akimkatalia Madamu ataonekana mwongo, na akimwonyesha ile buluu ataonekana mwongo zaidi, na kwamba mtu wa Nyakiriba bado anahesabu siku. Kisha akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, kama afanyavyo anapokuwa amekwisha kuamua.

"Bon. Uliandika, njo itakuwa. Utaing'arisha we mwenyewe."

"Njo" ya huku ni "ndivyo" yetu. Basi nilikuwa na siku sita za kuifanya boti iifikie sentensi yangu.

Nilikwenda kwa Fundi Sadiki, ambaye huunda na kukarabati boti pale pale ufukweni, na ambaye ndiye aliyeiunda hii pamoja na marehemu shemeji. Ni mtu wa rika langu, mwenye kofia ya kufuma na mdomo usio na breki. Alikuwa na kazi ya mtu mwingine na hakuweza kuiacha, lakini aliahidi kupita kila jioni ili, kwa maneno yake, asipitwe na hiyo sinema. Alinieleza kazi yote kwa pumzi moja huku akinywa chai: nikwangue rangi yote ya zamani, nipige msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, daima kwa kufuata nyuzi za mbao na kamwe si kwa kuzikata, nifute vumbi, nipitishe rangi ya kupenya, ile inayozama ndani ya mbao badala ya kulala juu yake, niache siku nzima, halafu vanishi nyembamba mara tatu, kila mara siku yake, na katikati msasa laini tena.

Nilimwomba aniandikie. Aliinua kikombe chake cha chai.

"Bwana Mwandishi, mi niko na mikono mbili tu, na zote ziko na kazi."

Kuanzia Jumamosi ile hadi Jumatatu nilikwangua. Nilikwangua nikiwa nimevaa koti, kwa kuwa ufukwe ni mahali pa hadhara na huenda mteja akapita. Wateja walipita. Mmoja alisimama, akanisalimu, akaniuliza kwa upole kama ofisi zimefungwa. Jumapili kanisani, jirani yangu wa benchi alinitoa gamba la buluu ndani ya sikio bila kuacha kuimba.

Hata hivyo ni lazima niandike kwamba kuna furaha katika kukwangua. Chini ya ile kijani ya mwisho mbao ilitokea yenyewe, ikiwa na nyuzi zake zilizopindapinda, na ikanuka kama siku ilipopasuliwa. Nilijisikia kama mtu anayefuta maneno ya ziada kwenye barua ya mwingine. Barua zangu mwenyewe sijawahi kuzifanyia hivyo.

Nikagundua mambo mawili.

La kwanza: ukingo wa kulia ni wa libuyu, mbao nyekundu ya Kongo, na wa kushoto, zaidi ya nusu yake, ni mkaratusi. Fundi Sadiki alinieleza kwamba dhoruba moja iliibamiza boti kwenye mawe, na Byamungu akaitengeneza kwa mbao aliyokuwa nayo siku hiyo. Rangi ya buluu ilipakwa ili kuficha kiraka. Kwa hiyo uongo katika familia hii haukuanza na mimi, jambo lililonifariji kwa muda mfupi.

La pili: nyuma, karibu na injini, ukingo una bonde dogo. Si ufa, wala si kasoro ya mbao. Ni mahali palipoliwa na kiganja, mwaka baada ya mwaka, mkono wa kushoto ukishika ukingo wakati wa kulia ukiongoza injini. Nilikuwa nimekwisha kupindua msasa ili nipasawazishe, na Dada Feza akawa amefika na chakula changu. Aliweka sufuria chini. Akaweka kiganja chake ndani ya lile bonde, kikapwaya.

"Hapa usipige musasa."

Nilikunja msasa nikaanzia mbele zaidi.

Jumanne ilikuwa siku ya rangi ya kupenya. Fundi alikuwa amenionya niijaribu kwanza chini ya benchi, mahali pasipoonekana. Nilimjibu kwamba mimi siandiki rasimu. Ni kweli, huandika mara moja, kwa wino, na watu wa sokoni wananijua kwa hilo. Nikachovya kitambaa nikaipaka pande zote mbili kwa ujasiri, nikarudi nyuma hatua tano ili nitazame.

Libuyu ilikuwa imeinywa rangi hadi ikawa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mkaratusi ulikuwa umeikataa, ukabaki na wekundu wa karoti. Fundi Sadiki alipopita jioni aliizunguka boti mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Iko na mashavu mbili," alisema. "Hii ya bibi-arusi, ile ya mama mukwe. Na mi naona bamegombana."

Wavuvi waliokuwa wakikunja nyavu zao za sambaza, dagaa wa ziwa hili, jirani na hapo waliona neno hilo linafaa kurudiwa, wakalirudia hadi jua lilipotua.

Jumatano asubuhi na mapema nilipiga msasa upya. Fundi alinisaidia kwa saa moja kabla ya kazi yake, na hapo ndipo nilipojifunza. Rangi ya libuyu tuliizimua kwa tina mpaka ikawa kama maji ya kuoshea brashi. Ya mkaratusi tuliiacha nzito, na baada ya kuipaka tulisubiri kabla ya kuifuta. Fundi alikuwa akihesabu pumzi zake kwa sauti, na nilipotaka kufuta kabla ya wakati alinipiga kidogo kwenye mkono kwa mpini wa brashi. Chini ya benchi niliandika rasimu tano za rangi, moja kando ya nyingine. Ya sita ndiyo tuliyoipandisha juu. Kufikia saa sita mchana hungeweza kuapa ni wapi libuyu inaishia na mkaratusi unaanzia. Ungeweza kushuku tu.

Alasiri nilirudi mezani kwangu nikiwa na mikono ya rangi ya chokoleti hadi kwenye vifundo. Mama mmoja mzee niliyemwandikia ombi la kupimiwa upya shamba lake aliona alama ya kidole changu chini ya ukurasa. Nilikuwa karibu kumwomba radhi. Akaniomba niongeze nyingine upande wa pili, kwa sababu barua yenye mihuri miwili hupita haraka.

Niliongeza.

Vanishi ya kwanza niliipaka Jumatano jioni, ya pili Alhamisi asubuhi, ya tatu Alhamisi mchana. Yeyote aliyekuwa akihesabu ataona kwamba siku tatu zilikuwa zimegeuka kuwa moja. Fundi Sadiki hakupendezwa. Alisema hewa ya ziwa ina unyevu, na kwamba "verni haijui hoteli, inajua jua tu." Lakini ilikuwa iking'aa. Jamani, ilikuwa iking'aa. Boti ilisimama juu ya magogo, ukingo wake ukifika usawa wa kifua cha mtu, na mstari wa mwanga ulitembea juu yake kutoka mbele hadi nyuma kila wingu lilipopita.

Sasa nafika penye kosa lenyewe. Hayo ya nyuma yalikuwa utangulizi.

Fundi alitaka tuzungushe kamba na kufunga kitambaa chekundu, kama wafanyavyo wote. Nilimwambia kwamba kitambaa hakielezi sababu, na raia ana haki ya kupewa sababu. Nikachukua upande wa boksi la sabuni, nikakaa chini, nikaandika tangazo kwa mwandiko wangu mdogo wa kazi nzuri. Lilikuwa na vifungu vinne. Cha kwanza kiliwaarifu wapita njia wote, kwa heshima na taadhima, kwamba chombo hiki kimo katika hatua ya mwisho ya ukarabati. Cha pili kilieleza kwamba ukarabati huo umefanywa kwa jasho la familia. Cha tatu kilisema kwamba, kwa kuwa vanishi haijakauka, msomaji anaombwa asiuguse ukingo, asiuegemee wala asiupapase. Cha nne kilisema kwamba atakayekiuka atakuwa ameiumiza nafsi ya mjane.

Nikihofia mvua, nililitundika ndani ya boti, chini ya kipaa cha katikati, kile kipaa kidogo kinachowakinga abiria jua.

Nilipotoka mezani jioni kwenda kutazama, nilikuta alama za viganja kumi na moja kwenye vanishi, viwili viwili isipokuwa kimoja, na kiwiko kimoja. Nilihuzunika sana juu ya hali ya maadili katika wilaya yetu. Nilijiuliza ni watu gani hawa wanaosoma "asiuguse" na kugusa. Nikakaa chini, nikaongeza kifungu cha tano, nikakipigia mstari.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili, Fundi Sadiki alikuja bila kuitwa. Alizipiga msasa laini zile alama, akapitisha vanishi mpya mahali palipohitaji, akafanya kwa robo saa kazi ambayo ingenichukua nusu siku. Wakati wote alikuwa akilitazama tangazo langu, akitazama ukingo, akitabasamu ndani ya masharubu. Nilimuuliza anacheka nini. Alisema hacheki, anasoma.

Saa mbili kamili Madamu Solange alifika. Ni mama wa makamo, koti jeupe la kitani, miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Dada Feza alikuwa amevaa kitenge chake cha harusini. Mimi nilikuwa nimetayarisha hotuba fupi ya makaribisho yenye sehemu tatu. Lakini Madamu hakunipa nafasi. Aliona kuna maandishi ndani ya boti, akavaa miwani. Baadaye nimeambiwa kwamba huyu ni mtu asiyeweza kuacha karatasi bila kuisoma hadi chini, na kwamba ndiyo maana hoteli ilimpa umeneja.

Alisoma kifungu cha kwanza akiwa amesimama wima. Kwa kifungu cha pili alisogea. Mwandiko ni mdogo na kipaa kina kivuli. Kwa kifungu cha tatu aliinama, na kama afanyavyo kila mtu mwenye heshima anayeinama juu ya boti ya mtu, aliweka viganja vyote viwili kwenye ukingo ili asianguke.

Hapo ndipo nilipowaelewa wenye vile viganja kumi na moja. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa wasomaji wangu.

Nilitaka kupiga kelele, lakini viganja vilikuwa vimekwisha kunasa. Madamu alikisoma kifungu cha nne. Alikisoma na cha tano, chenye mstari. Kisha akashusha macho kwenye mikono yake, na nikamwona ametulia, ameinama hivyo hivyo, akitazama chini.

"Kweli," alisema. "Naona sura yangu."

Fundi Sadiki aligeuka akatazama ziwani. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

Tulimbandua taratibu, kiganja kimoja kimoja. Nilinyoosha mkono ili nimsalimie na kumwomba radhi, nikakumbuka ulivyo na rangi, nikaukunja nikampa kifundo cha mkono, kama ilivyo desturi yetu mtu anapokuwa na mkono mchafu. Naye mikono yake ilikuwa na vanishi, kwa hiyo alinipa kifundo. Tukasalimiana kifundo kwa kifundo mbele ya wavuvi wote wa ufukweni.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo tayari, na yalikuwa mazuri: unyevunyevu wa asubuhi, ubora usio wa kawaida wa vanishi, jinsi mbao bora zinavyochelewa kukauka. Nilikuwa nimefika kwenye "Mheshimiwa Meneja, itakumbukwa kwamba" wakati Dada Feza aliponishika kiwiko.

"Madamu, ile barua ilikuwa bongo," alisema, yaani uongo. "Hii boti ilikuwa buluu. Ilikuwa inabeba viazi na mbuzi. Huyu ni mudogo wangu, aliandika muzuri kupita, njo nikamwambia aing'arishe ifanane na barua. Ameanza Jumamosi. Njo maana haiyakauka."

Sijawahi kusikia ombi fupi kiasi hicho. Halikuwa na utangulizi wala hitimisho. Nilifumba macho, nikaliona zizi la ng'ombe la Nyakiriba likiwa na ukuta mmoja unaong'aa.

Madamu Solange alipangusa mikono yake kwa kitambaa chenye tina alichopewa na Fundi, akaanza kuizunguka boti, safari hii bila kugusa. Alitazama mabenchi. Alitazama mahali libuyu inapokutana na mkaratusi, akapita bila kusimama, nami nikamtazama Fundi, naye akaniinulia nyusi. Nyuma, karibu na injini, alisimama. Pale palikuwa pamekauka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameegemea huko, na Fundi hakuwa amepapaka upya. Aliuliza pale pamepatwa na nini. Dada alimweleza: bwana yake alikuwa akishika hapo. Miaka yote.

Madamu aliweka vidole vyake ndani ya lile bonde, akaviondoa.

Alisema ataichukua boti, kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya Fundi kuthibitisha kwamba imekauka. Maharusi watapigwa picha upande huo wa nyuma. Na alikuwa na sharti moja, ambalo alilitamka akinigeukia mimi, akiwa anavua miwani.

"Uniandikie barua ingine ya kukubali. Mistari mitatu. Na kila neno utaweka, nikikuja nilikute."

Kisha akaondoka, mikono yake ikiwa mbali kidogo na koti lake jeupe, kama mtu anayebeba kitu kisichoonekana.

Dada Feza hakucheka wala hakulia. Aliokota sufuria ya jana, akanipiga nayo mgongoni, si kwa nguvu, akaenda kumpigia simu mtu wa Nyakiriba. Fundi Sadiki aliingia ndani ya boti, akalitungua tangazo langu kwa uangalifu mkubwa, akaomba alipeleke nyumbani kwake, akidai kwamba lugha yake ni tamu. Mahali pake alifunga kitambaa chekundu. Nimekaa ufukweni hadi mchana nikikitazama. Watu wanapita, wanakiona, hawagusi.

Sasa niko mezani, karatasi nyeupe ikiwa mbele yangu. Mikono yangu bado ni ya chokoleti. Kucha zitachukua mwezi. Nimeandika hivi:

"Kwa Madamu Solange. Boti ipo, na injini yake ni nzima. Ukingo wake ni wa mbao za aina mbili, umepakwa vanishi, na haujakauka."

Nimeisoma mara nne. Hakuna kitu humo ninachoweza kujivunia. Inafanana na mtu aliyetoka nyumbani bila koti. Kila ninapofika mwisho mkono wangu huanza kusogea wenyewe, ukitaka kuongeza neno moja tu, neno dogo, "ukingo mzuri", na kila mara nausimamisha na kujiuliza: je, ni mzuri, au nimezoea tu kulitumia neno hilo?

Nimeliachia neno hilo nafasi wazi kwenye mstari. Kesho jua likishapanda nitakwenda kuugusa ukingo kwanza.